Mwachie Mtoto Aitike

Mpendwa Mavyaa,

Sasa hivi mjukuu wako ameinuka mkekani, amechukua kikombe cha kijani, kile kilichoyeyuka ukingo siku ulipokisahau karibu na jiko, na amekwenda kukiweka pale penye mwimo wa mlango ulipokuwa ukikaa. Amekiweka taratibu, uji haukumwagika hata tone. Kisha amekizungusha mpaka mkono wa kikombe ukaelekea kushoto. Amesimama akikitazama, kama mtu anayengoja kuambiwa asante, halafu amerudi kujilaza katikati ya wenzake, kidole mdomoni.

Wewe ulikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Yeye ulimwacha ana miezi kumi na mmoja. Mimi sijamwonyesha, na mwanao najua hajamwonyesha, maana Jumapili zote huwa kazini Diani akikata nyasi za hoteli, na kikombe hicho hakitoki hapa kanisani.

Basi shikamoo, mama. Nimeanza na habari kabla ya salamu, unisamehe.

Nakuandikia nikiwa darasani kwetu, darasa la vitoto, hapa ubavuni mwa kanisa letu la Bongwe. Ibada inaendelea upande wa pili wa ukuta. Mchungaji ameshaanza kuhubiri kwa sauti ya juu, kwa hiyo najua amefika katikati. Vitoto vimekunywa uji na vimelala vyote isipokuwa huyu wako. Karatasi sina, naandika kurasa za nyuma za rejista. Atakayeifungua ataisoma, na aisome tu, sioni aibu. Unajua mimi niliishia darasa la nane, na kitu kirefu kushinda ujumbe wa simu sijaandika tangu hapo. Pakiharibika, utaniwia radhi.

Nina jambo la kukuomba, mama, na ni jambo ambalo mkazamwana hamwambii mavyaa yake. Nivumilie nizunguke kidogo kwanza, nipate nguvu.

Unakumbuka uliponileta humu mara ya kwanza? Nilikuwa nimeolewa mwezi mmoja, nalia kila asubuhi kwa kuwakumbuka watu wetu wa Munje, na ulinisikia ingawa nilikuwa nikilia ndani ya leso. Hukuniuliza kitu. Jumapili ukaniambia, "Njoo unisaidie kupangusa makamasi, mimi mikono ni miwili tu." Nikaja. Kulikuwa na vitoto kumi na kitu, vyote vinalilia mama zao, na kimoja kimejisaidia kwenye mkeka. Nikasahau kulia mimi. Nadhani ndivyo ulivyotaka.

Na ile siku ya Samsoni, unaikumbuka? Ulikuwa umewafundisha maswali yako. "Nani kamuumba kuku?" Vyote, "Mungu!" "Nani kamuumba samaki?" "Mungu!" "Nani kamuumba nyanya?" "Mungu!" Mara kitoto cha kike kikapiga kelele nyuma, mkono wake una alama za meno. Ukauliza kwa hasira, "Nani kamuuma huyu?" Na darasa zima, kwa furaha kabisa, "Mungu!"

Ulicheka mpaka leso ikakufunguka. Ukaushika ule mkono ukauangalia, ukasema, "Mungu simjui meno yake, lakini haya ni ya Samsoni." Samsoni akaficha mdomo. Siku hizi yuko darasa la wakubwa, anabeba Biblia kubwa kushinda kifua chake, nami nikimwona nacheka peke yangu.

Nilijifunza kwako mambo mengi ambayo hayako kwenye kitabu chochote. Kuchanganya maziwa kwenye uji baada ya kuuepua, si kabla. Kumbeba anayelia ukiwa umempa mgongo mlango, asione mama yake anavyoondoka. Na ile leso yetu ndefu. Ulikuwa ukifunga leso tatu kwa mafundo, wewe unashika mbele, mimi nyuma, na vitoto vinashika katikati, tunakwenda chooni msururu mmoja kama mbuzi wa mnadani. Ukifika ulikuwa ukiuliza bila kugeuka, "Mwisho yupo?" Nami najibu, "Mwisho yupo, mama." Basi ukajua hakuna aliyebaki njiani.

Halafu nikajifungua, na mtoto akawa wa kike, na jina halikuwa la kutafuta. Mtoto wa kike wa kwanza anachukua jina la mama wa baba yake. Likawa jina lako.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, ingawa wakati ule tuliiona mchezo. Mimi jina lako sikuwahi kulitaja. Kwetu mwanamke hataji jina la mavyaa yake, awe hai awe amekufa, na mamangu alinionya siku naondoka nyumbani kwamba hata ndotoni nisikose. Watu wakiniita mama wa fulani naitika, hilo halina neno, maana linatoka katika vinywa vyao. Katika kinywa changu halikupita. Kwa hiyo mtoto nikawa namwita Mavyaa Mdogo. Majirani walikufa kwa kicheko. Mwanamke anamnyonyesha mavyaa yake! Wewe ndiwe uliyecheka zaidi. Ukimsikia analia ulikuwa ukiniambia, "Haya wewe, mavyaa yako ana njaa, atakwenda kukusema kwa watu."

Na ukaanza mchezo wako wa kuitika. Mwanao akirudi jioni, kabla hajavua viatu, anamwita mtoto kwa jina. Wewe huko jikoni, sauti ndefu, "Abeee!"

"Mama, namwita mtoto."

"Na mimi nimeitika. Mwenye jina ni nani hapa? Mkubwa akiwapo, mdogo hungoja."

Kila siku. Akiitwa na baba yake, unaitika. Akiitwa na wifi, unaitika. Akiitwa na mwenye mahamri anayepita njiani, unaitika kutoka kisimani. Na mtoto akawa anajua. Akisikia jina tu anageuza shingo kukutafuta, akisikia Abeee anacheka kwa ufizi wake mtupu. Mimi nilikuwa nikiona ni jambo zuri. Bado naona lilikuwa zuri. Hatukujua tunamfundisha nini.

Ulianza kuumwa Alhamisi, tukakupeleka hospitali ya Msambweni, na Jumamosi tukarudi nawe bila wewe. Sitayaandika hayo, unayajua kuliko mimi.

Jumapili mbili baadaye Mama Mchungaji, mke wa mchungaji mpya aliyetoka bara, aliniuliza kama naweza kulishika darasa. Nilimwambia sina elimu. Akasema, "Wewe ndio watoto wanakujua." Nikaja peke yangu, na mtoto mgongoni. Nilitandika mkeka. Vitoto vikaingia, vikakaa.

Hapo penye mwimo wa mlango hakukaa mtoto.

Nilisema ni mazoea, walizoea ni mahali pako. Lakini sasa ni karibu miaka miwili, mama. Waliokujua wote wamehamia darasa la wakubwa. Hawa nilio nao leo, wengine walikuwa tumboni ulipozikwa. Wanabanana, wanagombana, mmoja anamkalia mwenzake mguuni, na pale penye mwimo panabaki peupe, upana wa mtu mzima aliyekunja miguu. Akiingia mtoto mgeni leo hii, anapazunguka. Mara moja nilimshika Baraka mkono, yule mjukuu wa mzee wa kanisa, nikamwambia, "Kaa hapa, pana nafasi." Alivuta mkono wake. Hakulia. Aliniangalia kama mimi ndiye nisiyeona.

Na ile leso. Naifunga kama ulivyoifunga, leso tatu. Sasa nashika mbele, na nyuma hakuna mtu mzima, kwa kuwa sina msaidizi. Ncha ya nyuma inapaswa kuburura chini. Haibururi. Nikitembea naisikia imevutwa, si kwa nguvu, ila imenyooka kama kuna anayeishika kwa adabu. Sikugeuka kamwe. Wewe hukuwa ukigeuka. Niliuliza siku moja tu, kwa sauti ndogo, "Mwisho yupo?" Kisha nikaona bora nisingoje jibu, nikaanza kuimba.

Sikuogopa, nataka ujue hivyo. Ama niliogopa kama mtu anavyoogopa akiamka na kukuta amefunikwa shuka ambayo hakujifunika. Unaogopa, lakini baridi imekwisha.

Kilichonitia hofu ya kweli ni mtoto. Mama, mjukuu wako hasemi.

Anakaribia miaka mitatu. Wenzake wanatukana tayari. Yeye hata neno moja. Nilimpeleka kliniki, daktari akagonga sufuria nyuma ya kichwa chake, akaruka. Akapuliza filimbi mbali, akageuka. Akaniambia, "Masikio ni mazima, ulimi ni mzima. Mwite jina lake mara kwa mara, azoee kuitika." Nikasema ndiyo, daktari. Ningemweleza vipi kwamba hilo ndilo nisiloweza?

Basi wengine ndio wakamwita. Na hapo nikaanza kuona. Akiitwa jina, hamtazami anayemwita. Anageuza shingo pembeni, jikoni, ama kisimani, ama huku kwenye mwimo. Anangoja. Anangoja kitambo cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Halafu anatikisa kichwa kidogo, kama mtu ambaye zamu yake imeshachukuliwa, anaendelea na mchezo wake. Hivyo hivyo kila mara. Mwanao anasema ni ukaidi. Si ukaidi. Nimeliona tikisa-kichwa lile mara mia, ni adabu. Anakuachia wewe mkubwa.

Ndipo ikaja hii rejista. Mama Mchungaji aliingia nayo kwapani, na kalamu mbili. "Hii class haiwezi endeshwa tu hivi, lazima tujue nani amekuja." Ni mtu mwema, mama, ungempenda, ila anakwenda kama mtu aliyeacha chungu motoni. Akasema siku ya kwanza ataisoma mwenyewe nione inavyosomwa. Vitoto vikapangwa. Akasoma. "Baraka." Baraka akanyoosha mikono miwili. "Furaha." Furaha akaanza kulia. "Emanueli." Emanueli akasema, "Nataka biskuti."

Kisha akalisoma jina lako.

Mtoto wetu akageuza shingo. Lakini safari hii hakugeuka peke yake. Vyote viligeuka, mama. Vitoto kumi na viwili, pamoja, kama majani upepo ukipita, vikatazama penye mwimo. Hata Furaha aliacha kulia.

Mama Mchungaji akaliita tena.

Baraka akamwambia, kama anayemwonea huruma, "Keshaitika."

"Nani ameitika?"

"Nyanya."

Mama Mchungaji alicheka, akaniangalia mimi, akaona sicheki. Aliangalia mwimo wa mlango. Halafu akatia alama kwenye rejista, haraka, akanikabidhi na kalamu zote mbili. Alama hiyo ipo, nimeifungua sasa hivi nikaiona. Imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Jumapili iliyofuata nilisema jina hilo nitaliruka. Nilisoma kumi na mmoja nikafunga daftari. Na siku hiyo ndiyo siku ya shimo.

Wazee wa kanisa wanachimba choo kipya huku nyuma. Unajua mwamba wetu, ni mawe ya matumbawe mpaka chini, kwa hiyo wanachimba kidogo kidogo, na wakiondoka wanafunika kwa makuti na matawi. Kina cha shimo kilikuwa kimeshapita watu wawili. Nilikuwa nikiwapeleka vitoto mbali nalo. Lakini tulipotoka chooni siku hiyo mvua ikaanguka ghafla, ile ya jua, leso ikaniponyoka, vitoto vikakimbilia ndani kila kimoja kwa njia yake, vinapiga kelele za furaha. Nikawakausha mmoja mmoja. Nilipofika wa mwisho, mikono yangu ikatafuta mwingine na hakuwapo.

Nilitoka mbio. Niliita "Mavyaa Mdogo! Mavyaa Mdogo!" Mvua inapiga mabati, kanisani wanaimba, sauti yangu inarudi mdomoni. Nilitafuta chini ya gari la mchungaji. Nilitafuta kwenye mihogo. Na muda wote moyoni najua ni wapi sijaangalia, na miguu haitaki kwenda.

Basi nikaliita, mama. Jina lako. Nililiita kwa sauti yote niliyo nayo, mara moja. Ulimi uliungua kama nimelamba betri.

"Abeee!"

Uliitika. Si sauti ya mtoto. Ilikuwa ndefu, imetulia, ile ya jikoni, ya mtu aliyeshika mwiko na hana haraka. Ilitoka nyuma, kule kwenye shimo. Niliifuata sauti, sikufuata macho. Nilimkuta amekaa juu ya makuti. Katikati kabisa. Makuti yamebonyea chini yake kama kitanda cha kamba kuukuu, maji ya mvua yanachuruzika kuingia ndani, na ninasikia yanavyoanguka mbali kule chini. Yeye hana wasiwasi. Ameushika mkono wake mmoja juu, hivi, hewani, kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima.

Nililala kifudifudi nikamvuta kwa gauni. Alipofika kifuani pangu makuti yakaingia ndani yote, na matawi yake.

Nilikaa kwenye tope nimemkumbatia. Nikakuambia asante. Kisha nikakuambia nisamehe nimetaja jina lako. Kisha nikalia sana, na yeye akanipangusa makamasi kwa kiganja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri jambo moja tu. Ulimwokoa. Nisingeisikia ile sauti, leo ningekuwa naandika barua nyingine. Lakini mama, alikuwa ameketi pale, anasikia naita jina lake, na hakuitika, kwa sababu uliitika wewe. Ungekuwa hukuitika, labda angeitika yeye. Ama labda asingeitika, na angeanguka. Hayo mawili siwezi kuyatenganisha. Nayageuza usiku na mchana, kama mtu anayetafuta ncha ya uzi.

Niliyasimulia nyumbani. Ndilo kosa langu. Wifi, binti yako, alisema, "Hilo jina halimkubali mtoto. Mbadilishieni, aitwe jina la Biblia, mambo yaishe." Mwanao akasema, "Ni jina la mamangu. Sina lingine lake." Wifi akamwambia, "Na mtoto je, unaye mwingine?"

Asubuhi mwanao alinikuta naosha vyombo, akasema bila kuniangalia, "Jumapili watoto wanaombewa mbele. Akiitwa akaitika, jina libaki. Asipoitika, tutalibadilisha siku hiyo hiyo, mchungaji akiwapo." Ameomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo. Leo yuko ndani humo, kiti cha nyuma, na wifi pembeni yake. Amevaa shati ulilomnunulia. Kola imeisha lakini amelipiga pasi mwenyewe.

Ndiyo leo, mama. Mahubiri yakiisha nitavipeleka vitoto mbele kwa leso yetu. Kila mwalimu anawaita wa darasa lake, mmoja mmoja, kwa jina. Mtoto anaitika, anasogea, anawekewa mkono kichwani. Mama Mchungaji alinihurumia, akasema jina hilo angeliita yeye. Nikakataa. Nitaliita mimi. Nimelala nalo mdomoni wiki nzima. Nakuomba radhi sasa, kabla, si baada: leo nitakutaja mbele ya watu.

Na ombi lenyewe ni hili. Nikiita, unyamaze.

Nimeliandika. Sikudhani mkono wangu utaliandika. Nimwambie mavyaa yangu anyamaze, mimi uliyenifundisha hata kukoroga uji!

Usidhani nakufukuza. Mwimo wa mlango ni wako, nitawagombeza wote watakaotaka kupakalia. Kikombe cha kijani ni chako, nitakuwa namimina mwenyewe, asipate taabu mtoto. Ncha ya leso ishike, mama, tafadhali ishike, mimi nyuma sina mtu. Na akienda tena penye shimo, itika kwa nguvu zako zote, hapo sikuzuii. Ila jina. Jina mnalikalia wawili, na yeye ni mdogo, amefunzwa vizuri, atangoja mpaka azeeke. Mtoto mwenye adabu kiasi hicho hawezi kukupita. Ni wewe tu unayeweza kumpisha.

Nimefikiria tutakavyogawana. Kuanzia leo yeye simwiti tena Mavyaa Mdogo. Hilo la Mavyaa nakurudishia, ni lako peke yako, na nikikuhitaji nitakuita kwalo, uitike Abeee kama zamani, sitaogopa. Lile jingine ulilopewa na wazazi wako, mwachie. Halipotei. Litakuwa linapita mdomoni mwangu kila siku: njoo ule, njoo uoge, acha mchanga. Utakuwa ukitajwa nyumbani humo kuliko ulivyotajwa ukiwa hai. Nami nadhani, mama, nadhani ukimsikia akiitika mwenyewe mara moja tu, ile sauti yake ambayo hatujui hata ikoje, wewe ndiwe utakayecheka mpaka leso ifunguke.

Sauti ya mchungaji imeshuka. Anakaribia kumaliza. Nimewafunika wawili waliojifunua. Huyu wako bado macho, ananitazama naandika. Niruhusu niishie hapa. Ulale pema, na usilale sana. Ni mimi uliyenipa makamasi nipanguse nisahau ya kwangu, ni mimi

mkazamwana wako.

Nilitaka kufunga daftari, mama, lakini nisubiri. Mama Mchungaji amefika dirishani, ameniita. "Mama Mbeyu! Walete sasa!"

Mtoto amekaa. Amegeuza shingo, ametazama kikombe. Anangoja vilevile anavyongoja, pumzi ya kuvuta na ya kutoa. Nami nasikiliza, mabati yanalia kidogo kwa jua, Baraka anakoroma, na pale penye mwimo ni kimya. Kimya, mama. Hajatikisa kichwa. Anaangalia kikombe, ananiangalia mimi, kama anauliza kama ni kweli. Basi nimelisema, hapa hapa, polepole, ni mimi nimelisema: Mbeyu. Amefungua mdomo, na

"Mama Mbeyu! Tunakungoja wewe!"

nakuja, nakuja, mama, ameiti